Toeni Gunia

Ukumbi wa ushirika, Moshi, Jumamosi saa kumi.
Viti mia vimepangwa, tumekaa ishirini na watatu,
tisa kati yetu wanafunzi walioletwa na mwalimu wao
wajaze safu ya mbele, soksi zimelowa.
Masika yanapiga bati kama mtu anayedai deni.
Kipaza sauti kimekohoa mara mbili, kikanyamaza jumla,
basi Ndeshukurwa akakisogeza kando kwa adabu,
kama unavyomsogeza mgeni aliyelewa,
akafungua kitabu chake kipya
akasoma kwa koo lake mwenyewe.

Nilikuja kwa upendo. Niseme ukweli:
nilikuja pia kuona kama atajikwaa.
Sisi tunaoandika tuna macho ya mawifi harusini,
tunapiga vigelegele huku tunahesabu sahani.

Sura ya kwanza, nikatikisa kichwa. Nzuri.
Ya tatu, nikasikia kivumishi kimoja kimezidi,
nikafurahi, Mungu anisamehe,
nikakitia mfukoni kama peremende.

Kisha akafika kwa mzee.

Mzee wake alikuwa mpimaji wa mahindi, Babati.
Wangu alipima kahawa, hapa hapa,
ghala la nyuma ya reli, miaka thelathini na mmoja,
hakuwahi kumpunja mkulima hata punje.
Mzee wake akaugua. Wangu pia.
Mzee wake akasema, wiki ya mwisho,
"Nileteeni mizani, nijue nimebaki kilo ngapi."
Mgongo wangu ukaachana na kiti.

Nilimsimulia mimi, miaka sita iliyopita,
kibarazani kwake Rau, umeme umekatika,
tunamenya ndizi za mtori kwa kupapasa.
Nikamwambia, siku moja nitaiandika hii.
Akasema, iandike.
Nilianza mara nne.
Mara nne nikainuka kwenda kuangalia maziwa jikoni.

Sasa anaisoma yeye, bila haraka,
na wanafunzi wameacha kuchezea soksi.
Wanambeba mzee na blanketi lake,
wanamkalisha juu ya bamba la chuma,
wanasukuma kijiwe taratibu:
arobaini na moja na nusu.
Na mzee, macho kayafumba, kwa sauti ya kazini:
"Toeni gunia."
Blanketi, alimaanisha. Toeni uzito wa blanketi.
Neno kwa neno. Hata ile nusu kilo.

Nikaanza kupanga ya kumwambia nje,
makali, mafupi, yenye vituo.

Lakini alikuwa hajamaliza.
Akafunua ukurasa, akanywa maji, akasoma
jinsi binti, aliyesimama nyuma ya mzee,
kabla kijiwe hakijatulia
aliutelezesha mguu wake wa kushoto juu ya bamba,
kidole gumba kwanza, kisha unyayo,
akakandamiza, kidogo tu,
mzee asijue amekwisha kiasi gani.

Hilo sikumwambia.
Hilo sijamwambia mtu, hata mchungaji.

Mwalimu akasimama: je, kisa hiki ni cha kweli?
Ndeshukurwa akafunga kitabu. "Nimetunga,
hasa pale penye mguu."
Hakunitazama. Au alinitazama, sijui,
taa ilikuwa imekaa kwenye miwani yake.

Mezani nikatoa elfu kumi na tano.
"Nikuandikie nini?"
"Jina tu."
Akaandika kwa herufi zile zile za shule ya msingi,
na kidole chenye wino kikaacha alama pembeni
bila yeye kukusudia.
Maneno yangu makali bado yalikuwa mdomoni.
Nikayashushia na chai ya tangawizi ya waandaaji,
iliyokuwa imepoa.

Nje mvua ilikuwa imelegea.
Nilisimama upenuni na mlinzi na muuza mahindi,
nikautafuta ukurasa ule, nikausoma upya
kwa mwanga wa jiko lake la mkaa.
Pazuri. Pazuri mno, siwezi kukana.

Ila mguu ulikuwa wa kulia.